Upande Wenye Watu

 Popote ulipo kandokando ya ziwa letu, uwe Kirumba au Igoma, Sengerema, Magu au Nansio, vuta kiti tukae pamoja.

Nianze na jambo ambalo sisi watu wa redio hatulisemi mara kwa mara. Nyimbo nyingi zilizowalea vijana wa nchi hii hazikupitia kwetu. Zilipita kwenye kumbi, kwenye viwanja vya mpira na kwenye mialo ya samaki, mbele ya watu waliosimama wakitoka jasho, na wengi walizijua kwa moyo kabla redio haijazigusa. Nyingine redio haikuzigusa kabisa. Jioni hii nataka tuzikumbuke hizo, pamoja na maonyesho yenyewe tuliyoyahudhuria tulipokuwa vijana, kwa sababu naamini kwa dhati kwamba muziki wa ana kwa ana ulitufundisha jambo ambalo kanda wala simu haviwezi kulifundisha. Ulitufundisha kwamba mwamuzi wa muziki ni watu waliosimama mbele yake.

Tumchukue Remmy Ongala. Alizaliwa Kindu, mashariki mwa Kongo, mwaka 1947, akaingia Dar es Salaam mwaka 1978 kupiga na bendi ya mjomba wake, Mzee Makassy, na baadaye akawa kiongozi wa Super Matimila. Mwenyewe alijiita Sura Mbaya, watu wakamwita Dokta. Aliimba habari za kifo, za mtu asiye na kitu, za mke na mume waliochokana. Mwaka 1988 alizunguka Ulaya na tamasha la WOMAD, na mwaka uliofuata kampuni ya Real World ya kule Uingereza ikatoa albamu yake. Hata mtaa mmoja wa Dar es Salaam umepewa jina lake. Ukipanda daladala ya Sinza, konda anakutangazia kituo cha Kwa Remmy. Alikuwa mtu mkubwa hasa. Pamoja na ukubwa huo, alipotunga wimbo wa "Mambo kwa Soksi", wa kuwahimiza watu watumie kondomu, Radio Tanzania haikukubali kuupiga.

Sisi wa Kanda ya Ziwa ndio tulioukosa zaidi. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI hapa nchini walitambuliwa mwaka 1983 mkoani Kagera, ng'ambo ya maji haya haya. Kule waliuita Juliana, kwa jina la kitambaa kilichokuwa kikiletwa kwa magendo kutoka Uganda. Wenye umri wangu wanakumbuka hali ilivyokuwa. Msiba ukifuata msiba, nyumba ikifungwa na nyingine ikifungwa, na matangani kila mtu anasema marehemu alikuwa na malaria, au amerogwa. Hakuna aliyelitaja jambo lenyewe kwa sauti mbele ya wakwe na watoto. Kisha anatokea mtu na gitaa, anapanda jukwaani, analitaja, na anataja na kinga yake, huku watu wanacheza. Ukumbi mzima unaitikia neno ambalo asubuhi yake hakuna ambaye angethubutu kulitamka sokoni. Hayo yalitendwa na muziki wa jukwaani katika nchi hii, na yalitendwa redio ikiwa imefunga mlango.

Vijana wa leo wanaweza wasielewe uzito wa mlango huo kufungwa. Kwa upande wa Tanzania Bara, mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1990 redio ilikuwa moja. Bendi ikitaka wimbo wake ujulikane nchi nzima, ilikwenda kurekodi studio za Radio Tanzania, barabara ya Pugu, maneno yakakaguliwa, na mkanda ukabaki huko huko. Wimbo uliokwama kwenye ukaguzi ulikuwa na makazi mamoja tu, nayo ni ukumbini. Ukitaka kuusikia, ulivaa, ukatafuta kiingilio, ukaenda.

Nami nilikwenda. Nilikuwa kijana hapa Mwanza mwishoni mwa miaka ya 1980, na bendi kubwa kutoka Dar es Salaam ilipokuwa inakuja, mji ulijua siku kadhaa kabla. Gari la matangazo, pikapu yenye spika juu ya bodi, lilizunguka Mirongo, Igogo, Mabatini mpaka Pasiansi, watoto wakilikimbilia nyuma. Wanamuziki wenyewe walikuja kwa treni, zaidi ya kilomita 1,200 za reli ya kati, vyombo vyao vimefungwa kwa kamba kwenye behewa la mizigo. Kulikuwa na vijana ambao kazi yao siku hiyo ilikuwa kwenda stesheni kuwaangalia tu wakishuka. Yule mwenye sauti ile tunayoisikia saa nane mchana kwenye redio, kumbe ni mfupi hivi! Yule mpiga solo, kumbe anatumia mkono wa kushoto! Zilikuwa habari za kupeleka nyumbani.

Kila bendi ilikuwa na mtindo wake, na mashabiki wake waliokuwa tayari kugombana. Kulikuwa na wa Msondo, wa Sikinde, wa Pambamoto ya Vijana Jazz, wa Magnet Tingisha ya Bima Lee, wa Ndekule. Tulivaa nguo za kafa Ulaya tulizozichambua Mlango Mmoja, suruali zimepigwa pasi ya mkaa mpaka zinakata. Asiye na kiingilio alisimama nje ya ukuta, na kwa kweli nje ya ukuta kulikuwa na ukumbi wa pili, wenye wauza karanga na mishikaki, wenye wachezaji wazuri kuliko wa ndani, na usio na mlinzi. Mimi nimejifunza kucheza rumba nje ya ukuta. Wengi wetu ndivyo.

Jambo moja kuhusu bendi zile halisemwi vya kutosha. Nyingi zilikuwa za mwajiri. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa mali ya chama cha wafanyakazi, na ndiyo iliyokuja kuwa JUWATA na baadaye OTTU. Bima Lee ilikuwa ya Shirika la Bima. Tancut Almasi ya Iringa ilikuwa ya kiwanda cha kuchonga almasi, almasi zenyewe zikitoka huku kwetu Mwadui. Mwanamuziki alikuwa mtumishi mwenye mshahara, na gitaa alilolifanya lilie mpaka watu wakatoa machozi halikuwa lake. Akigombana na uongozi, alitoka na vidole vyake tu. Nawaheshimu sana watu wale kwa sababu hiyo. Hawakuwa na umiliki wa chombo, hawakuwa na mirabaha ya maana, wimbo wao ulikuwa kwenye kabati la studio. Walichokuwa nacho ni usiku ule na watu wale waliokuwa mbele yao, na walipiga kama watu wanaojua hivyo.

Bendi ndogo za huku kwetu zilikuwa na hali ngumu zaidi, na ndizo ninazozikumbuka kwa mapenzi makubwa. Hizi hazikusubiri ukumbi. Zilipakia jenereta, amplifaya na tumba kwenye mtumbwi wa injini na kuwafuata wavuvi visiwani. Sangara walikuwa wameanza kuleta fedha, na fedha ya mvuvi iko tayari kutumika usiku ule ule. Jukwaa lilikuwa mchanga. Pembeni nyavu zimeanikwa, dagaa wametandazwa, na ziwani karabai za wavuvi wengine zinaonekana mbali.

Usiku mmoja katika mwalo wa kisiwa cha Kome, katikati ya wimbo, mpiga solo alikatikiwa na waya. Haukuwa waya mwembamba unaoweza kuvumilika. Ulikuwa ule anaoutegemea. Akiba hakuna, na duka la vifaa vya muziki lilikuwa mamia ya kilomita kutoka pale. Mpiga besi na mpiga tumba hawakuacha, waliendelea kuzunguka pale pale, polepole, wakimsubiri. Akatoka kijana mmoja kwenye watu, fundi baiskeli, ameshika kebo ya breki. Wakaichambua pale chini ya taa. Kebo ya breki ni nyuzi nyingi nyembamba za chuma zilizosokotwa pamoja. Ukizifumua unapata uzi mmoja mmoja, mgumu, unaokata vidole. Wakatoa mmoja, wakaukunja kichwa kwa koleo ili ushike kwenye daraja la gitaa, wakaukaza. Mpiga solo akaupigapiga, akasikiliza, akakaza tena, akatikisa kichwa, akakaza. Muda wote huo hakuna aliyeondoka. Watu mia na zaidi wamesimama wakisikiliza mtu akitafuta sauti moja. Alipoipata, alimtazama mpiga besi, na wimbo ukarudi pale ulipokuwa. Waya ule ulikuwa na sauti kali kuliko wenzake, ya chuma chuma, na usiku mzima uliobaki ulijitokeza juu ya kila kitu. Sijawahi kusikia gitaa lililolia vile tena. Na fundi baiskeli yule hakuwa mtazamaji tena; gitaa lilikuwa linalia kwa waya wake, na kila mtu alijua.

Sasa niwapeleke mbali kidogo, maana jambo hili si letu peke yetu. Mwaka 1976 kule Uingereza vijana wasio na kazi na wasiojua sana kupiga vyombo walianza kupiga muziki unaoitwa panki. Gitaa kwa nguvu, wimbo mfupi, sauti ya kufoka, nguo zilizochanika zimeshikwa kwa pini. Tarehe 4 Juni mwaka huo, Manchester, kundi la Sex Pistols lilipiga kwenye ukumbi mdogo wa ghorofani. Waliohudhuria wanakadiriwa kuwa 40 hivi. Watu 40! Msiba wa mtaani kwetu una watu wengi kuliko hao. Lakini katika hao walikuwamo vijana ambao baadaye waliunda makundi yaliyotikisa dunia. Mmoja wao, Peter Hook, alikwenda kununua gitaa la besi kesho yake, hajui hata namna ya kulishika, na ndiye aliyekuwa mpiga besi wa Joy Division.

Mwezi uliofuata, msichana mmoja aliyekuwa anatimiza miaka 19 alikwenda kuliona kundi hilo hilo likipiga kwenye gati la mji wa Hastings, juu ya bahari. Mama yake alikuwa mwenye asili ya Uskoti na Ayalandi, baba yake Msomali. Aliondoka pale na uamuzi wa kuanzisha bendi yake, X-Ray Spex, akajiita Poly Styrene, na akawa mmoja wa wanawake wa kwanza weusi kusimama mbele kabisa katika muziki ule, vyuma vya kunyoosha meno vikionekana kila alipofungua kinywa kuimba. Damu ya huku kwetu Afrika Mashariki ilikuwamo katika makelele yale tangu mwanzo.

Na hao nao walifungiwa. Baada ya Sex Pistols kutukana kwenye televisheni mwanzoni mwa Desemba 1976, mji baada ya mji ulifuta maonyesho yao. Mwaka uliofuata BBC ikaukataa wimbo wao kuhusu malkia. Hapa kwetu tulikuwa tumeshatangulia: mwaka 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku Dar es Salaam, mwaka ule ule ambao Operesheni Vijana ilikuwa inawasaka wenye sketi fupi na suruali za kubana. Mwenye mamlaka popote alipo huanza kusikia hatari pale vijana wengi wanapokusanyika usiku kwa sababu ya ngoma.

Yaliyotokea hapa Mwanza mnamo 2018 nayapeleka kwenye kapu hilo hilo. Mwezi Novemba Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, liliufungia wimbo wa Rayvanny na Diamond Platnumz uliobeba jina la mji wetu. Desemba wasanii hao wakaja hapa hapa Mwanza, na wakaupiga jukwaani mbele ya umati. Siku chache baadaye wote wawili wakazuiwa kufanya maonyesho ndani na nje ya nchi, ingawa zuio lenyewe halikudumu. Nitasema ninavyofikiri. Maneno ya wimbo ule sikuyapenda, na nisingetaka wajukuu wangu wayaimbe mezani. Lakini mkutano wa msanii na watu wake haupaswi kuamuliwa na barua. Umati una uwezo wa kukataa. Mimi nimeuona ukikataa. Nimeona mwimbaji mwenye jina kubwa akiimba jambo la kuwadharau akina mama, na akina mama wakageuka, wakatoka na kanga zao, na waume zao wakawafuata, na ndani ya nusu saa bendi ikabaki inapigia viti. Hukumu ile hakuna baraza linaloweza kuitoa.

Na hukumu ile, msikilizaji, sisi Wasukuma hatukuipokea kutoka kwa bendi za Dar es Salaam, wala kwa vijana wa London. Tulikuwa nayo.

Katika karne ya 19, huku Usukumani, walikuwapo watu wawili, Ngika na Gumha, waganga na manju wote wawili. Inasimuliwa kwamba walibishana juu ya nani ana dawa yenye nguvu zaidi. Ubishi ule hawakuumaliza kwa mikuki. Walikubaliana kila mmoja acheze na watu wake, siku moja, mahali pamoja, na yule ambaye ngoma yake itavuta watu wengi ndiye mshindi. Kutoka kwao yakazaliwa makundi mawili, Wagika na Wagalu, na mpaka leo kikundi cha ngoma cha Kisukuma kinachojiheshimu kinajua kiko upande gani. Marehemu baba yangu alikuwa Mgalu, na hakuna aliyewahi kumshawishi vinginevyo.

Ambaye hajaliona shindano hilo na alione. Makundi mawili yanacheza kwa wakati mmoja, yanatazamana, yametengwa na kipande cha uwanja. Hakuna zamu. Hakuna meza ya majaji wenye kalamu. Mtazamaji anasimama katikati, anasikia ngoma mbili masikioni, kisha miguu yake inaamua. Akiwa hapa akasikia kule wamepiga kelele, anakimbilia kule. Ndiyo maana kila kundi linabuni. Wabugobogobo wanarusha majembe juu yanazunguka hewani na kuyadaka bila kukosea pigo. Wagoyangi wanaleta chatu, wanamvaa shingoni, wanamweka kichwa mdomoni. Wengine wanatengeneza sanamu zinazochezeshwa, wengine wanapanda juu ya mironjo mirefu. Ningi, yaani manju anayeongoza, anaimba huku macho yake yako kwa watu, hata si kwa wachezaji wake. Anaona wanapopungua kabla wao wenyewe hawajajua kwamba wanaondoka, na hapo hapo anabadilisha wimbo, au anamtupia mwenzake wa upande wa pili maneno ya kumchoma, watu wacheke, warudi. Nimemwona ningi mmoja mzee, sauti imemkauka, amebakiwa na watu wachache mno mbele yake. Aliinamia ngoma kubwa, akaanza kuipiga peke yake, taratibu, wachezaji wake wamesimama hawajui afanyalo. Akawa anapiga chini zaidi, chini zaidi, mpaka ngoma ikawa haisikiki kwa aliye mbali. Watu wakaanza kusogea ili wasikie. Waliposogea wengine wakaona kuna watu, wakaja. Alipoinua kichwa uwanja ulikuwa umeinama upande wake.

Padri David Clement, mmisionari kutoka Quebec, Kanada, aliyejenga Bujora pale Kisesa na kuacha makumbusho yale tunayojivunia, alielewa jambo hili mapema. Aliziingiza ngoma kwenye sikukuu ya Ekaristi, na ndiyo Bulabo tunayoijua, kila mwezi wa Juni. Mila za watu wengi zimehifadhiwa ndani ya kabati la vioo. Za Wasukuma zimehifadhiwa pia kwa mashindano, na kwa maoni yangu mashindano ndiyo yaliyofanya kazi kubwa zaidi, kwa sababu ngoma isiyovuta watu leo inashindwa leo.

Sasa linganisha na maonyesho mengi tunayouziwa siku hizi. Jukwaa ni kubwa, taa ni nzuri, spika zimepangwa kama ghorofa. Msanii anaingia na watu wake, anapaza sauti kutusalimia, kisha fundi mitambo anabonyeza kitufe na wimbo unatoka ule ule tuliousikia kwenye daladala asubuhi, sauti yake mwenyewe ikiwa imeshaimba kila kitu. Yeye anaongeza neno hapa na pale juu yake. Pleibeki hiyo imetuchukulia kitu kikubwa. Wimbo hauwezi kumsubiri mtu aliyekatikiwa waya. Hauwezi kupunguza sauti ili watu wasogee. Hauwezi kurefushwa kwa sababu kuna bibi amepanda kumtunza mwimbaji na anataka kucheza kidogo. Watu wakipenda au wakichukia, dakika tatu na nusu zitakwisha vile vile. Na vijana wetu, maskini, wamelipa fedha nyingi, wameinua simu juu wanarekodi kitu ambacho tayari kimerekodiwa.

Sisemi kwamba kompyuta ndiyo iliyoharibu. Waangalieni vijana wa singeli kutoka Manzese na Tandale. Mdundo wao unatoka kwenye kompyuta, unakwenda mapigo zaidi ya 200 kwa dakika, na bado mwenye maiki anapambana na watu waliomzunguka pale mtaani, anawataja kwa majina, anajibu wanachomwambia, na wao wasipomkubali atajua papo hapo. Huo ni muziki wa ana kwa ana. Nairobi wako vijana wa bendi ya Crystal Axis wanaopiga panki yenyewe, kwa magitaa yao, wakiwaimbia Wakenya mambo ya historia yao wasiyofundishwa vizuri. Hapa Mwanza tunao akina Fid Q, waliotoka katika mawe haya, na ukimpa Fid Q maiki bila chochote nyuma yake atasimama. Chombo si hoja. Hoja ni kama watu waliokuja wanaweza kubadilisha kitakachotokea.

Kwa hiyo nina maombi, na nayatoa kwa wenye uwezo wa kuyatekeleza. Enyi wenye kumbi na baa za Mwanza zenye uwanja, wekeni bendi mbili usiku mmoja, kila moja pembe yake, zipige kwa pamoja kwa utaratibu wa Wagika na Wagalu, na watu watembee. Mtaona watoto wa chuo cha Nyegezi na wavuvi wa Mwaloni wakigombania upande. Wasanii wetu mnaoanza, jifunzeni chombo kimoja mpaka kikutii. Chama chochote kinachoandaa tamasha la mji huu kilipe wapigaji wa kweli kabla hakijalipa mashine ya moshi.

Nanyi wazee wenzangu na mama zangu mliokuwa kwenye kumbi zile, nina ombi la haraka zaidi. Nyimbo ambazo hazikurekodiwa ziko vichwani mwenu tu. Bendi ndogo za Mwanza, za Musoma, za Bukoba, za visiwani, zilikuwa na nyimbo nzuri ambazo hazikufika barabara ya Pugu hata siku moja. Wapigaji wengi wameshatangulia. Kaa na mjukuu mwenye simu, umwimbie, hata kama unakumbuka kiitikio peke yake, hata kama ubeti wa pili umepotea; umtajie mwimbaji alikuwa nani, bendi ilipiga wapi, watu walicheza vipi. Mkituletea hapa kituoni tutazipiga hivyo hivyo, sauti yako na makofi ya mjukuu. Redio hii inadaiwa na nyimbo hizo.

Juni ikifika, ngoma zitalia Bujora. Daladala za Kisesa zipo tangu alfajiri, na asiyekuwa na nauli ya daladala ana rafiki mwenye baiskeli. Wapelekeni watoto, wasimame katikati ya uwanja wenyewe, waache miguu yao iwapeleke. Mimi mtanikuta upande wa Wagalu.